Barua ya Wazi kwa Baba Mdogo: Tulipotoka Kalenga Ulisema "Angalau"

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo, na kamwene kwa wote hapo nyumbani.

Barua hii ningeweza kuileta Mafinga mwenyewe na kukusomea tukiwa tumekaa nje, lakini nakufahamu: kabla sijamaliza aya ya pili ungekuwa umeshaniuliza bei ya mbolea. Nimeamua kuiandika hadharani, pia kwa sababu wapo wazee wenzako wa vita vya Kagera, kuanzia Ilula hadi Tukuyu, ambao watoto wao wanalo jambo hili hili kifuani na hawajui waanzie wapi kulisema.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda Lugalo. Nilikuwa nimejiandaa kukuhadithia jinsi tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilivyokivizia pale kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimpachika jina la Nyundo, na kukiangamiza karibu chote pamoja na kamanda wake. Hukunisikiliza. Ulishuka garini, ukaupita mnara bila kuutazama, ukaenda kusimama mahali vichaka vinapoikaribia njia, kisha ukaanza kunihoji wewe: msafara ulikuwa na urefu gani, wapagazi walikuwa sehemu ipi, na je, kulikuwa na watu waliotangulizwa kupeleleza? Nilipokujibu kwamba inasimuliwa walikuwa wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, na kwamba bunduki nyingi hazikuwa na risasi ndani, ulitikisa kichwa kwa masikitiko ambayo sikuyatarajia, maana nilidhani Mhehe akifika pale hana la kufanya ila kutamba.

"Hawa hawakupata hata nafasi ya kugeuka," ulisema.

Nilichelewa kuelewa kwamba hukuwa unamsikitikia Zelewski. Ulikuwa unawawaza askari wake, Wasudani na Wazulu walioletwa kupigana vita visivyo vyao, na wapagazi waliokuwa na mizigo vichwani mikuki ilipotoka porini. Mnara ule uliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Uliporudi kwenye gari uliniuliza wale wengine waliokufa walizikwa wapi, nami, pamoja na vitabu vyangu vyote, sikuwa na jibu.

Kwenye makumbusho ya Kalenga hatukukaa sana. Mbele ya fuvu la Mtwa ulivua kofia, ukasimama kidogo, ukatoka. Nje, chini ya mti, nilikueleza habari ambayo mimi huiona ya ajabu kila ninapoisimulia: kwamba Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe, kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai kirejeshwe, na kwamba fuvu lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Twining. (Wapo wanaobishana kama ndilo lenyewe, siku ile niliona si mahali pake kuliingiza hilo.) Ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Huyu angalau alirudi kwao."

Neno hilo "angalau" ndilo lililoniandikisha barua hii.

Habari za Kagera tumezisikia kwako tangu utotoni. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, na Mwalimu akatangaza mwezi wa Novemba kwamba tutampiga, wewe ulikuwa kijana wa mgambo Mufindi ambaye hajawahi kuliona Ziwa Victoria. Umetusimulia matope, mvua, ngurumo ya mizinga ya Saba Saba, na safari ndefu ya miguu kutoka Mutukula hadi Masaka. Umetuchekesha kwa habari za mpishi wenu. Lakini kila simulizi inapofika kwenye mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, mwezi wa Machi 1979, sauti yako hushuka, kisha tunajikuta tumeshafika Kampala, tarehe 11 Aprili, watu wakishangilia barabarani. Katikati hapo kuna watu unaowaruka.

Nimewahi kukuomba mara mbili twende Kaboya, kule Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita vile. Mara ya kwanza ulisema ni mbali. Mara ya pili ulisema, "Nikifika nitasema nini?"

Mzee mmoja wa Ilula, mwenzenu wa vita hivyo, alikwenda. Alinieleza kwamba alikuwa amefuata kaburi la kiongozi wa kikosi chake, akalipata, na alipokuwa akitafuta pa kukaa akasoma jina lingine jirani yake. Lilikuwa la rafiki yake aliyeondolewa mstari wa mbele akiwa amejeruhiwa, na ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini yeye alimhesabu kuwa mzima na mtovu wa shukrani, kwa kuwa hakuwahi kumletea hata salamu. Alikaa pale mpaka dereva akamfuata. Hakusema neno lolote, Baba Mdogo. Sidhani kama kuna anayedaiwa kusema.

Sikuombi twende tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Siku ile ina heshima yake, mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara na gwaride likinyamaza, lakini ina maturubai na vipaza sauti, nawe hupendi umati. Twende siku ya kawaida, mahindi yakishaingia ghalani. Tutalala Dodoma, kisha Kahama, ili miguu yako isivimbe, na kwa kuwa basi hupita Muleba kabla ya Bukoba, hatutahitaji kurudi nyuma. Shangazi amekubali kubaki na ng'ombe. Koti lako zito nitalibeba mimi.

Barua ya kuomba ruhusa ya kuingia nitaiandika mapema, na ningependa kutaja ndani yake majina ya wale tunaokwenda kuwaona, ili tusikutembeze bure katikati ya makaburi. Majina mawili ninayo, uliwahi kuyataja siku ya msiba wa babu. La tatu, la yule kijana wa Makete mliyekuwa mkigawana blanketi, hukuwahi kunitajia.

Mwanao,
Iringa Mjini