Barua zilikuwapo kabla ya posta ya Wajerumani

Mhariri,

Majuzi niliwapeleka wajukuu wangu wawili kwenye ile nyumba ya mawe ya hapa Lamu iitwayo Makumbusho ya Posta ya Wajerumani. Yule mdogo aliposikia kuwa hapo ndipo Wajerumani walipofungua posta yao ya kwanza katika pwani hii, tarehe 22 Novemba 1888, aliniuliza: "Babu, kabla ya hapo watu walikuwa hawaandikiani barua?"

Swali hilo halijanitoka moyoni.

Posta yenyewe haikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1885 ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walipewa ardhi na Sultani Ahmed wa Witu, na Ujerumani ikaitangaza Witu kuwa himaya yake. Lakini Witu iko ndani, mbali na maji. Vyombo vilikuwa vikitia nanga Lamu. Ndiyo sababu posta ikawekwa huku. Julai 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu katika mkataba uliohusu pia Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na mwaka uliofuata posta ikafungwa. Nyumba ikaja kufanywa makumbusho 1996.

Muda mfupi namna hiyo, na bado ndio ulioipa nyumba jina! Wala sisemi lifutwe. Historia ya Wajerumani ni sehemu ya yaliyotupata. Lakini nyumba za mawe za mji huu ni kazi ya mafundi wetu: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Ukuta wa namna hiyo una haki ya kusimulia zaidi ya miaka mitatu ya wageni.

Nilimjibu mjukuu wangu kwamba waliandikiana, tena sana. Barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo zimehifadhiwa Goa, India. Hiyo ni miaka 177 kabla ya posta hii. Huku kwetu Lamu, Pate na Siyu, herufi hizo hizo ndizo zilizobeba tenzi, hesabu za biashara na salamu za ndugu. Barua ya Unguja ilishuka na kaskazi mkononi mwa nahodha, jibu likapanda na kusi.

Ombi langu kwa wahusika ni chumba kimoja tu katika nyumba hiyo, au hata ukuta mmoja, wa barua za wenyeji, mgeni azione kabla hajafika kwenye stempu. Nasi tulio na makaratasi ya wazee ndani ya makasha tusiyaache yaliwe na mchwa. Mimi ninazo barua mbili za marehemu babu yangu, kwa mkono wake mwenyewe, na niko tayari kuzitoa zipigwe picha.

Mwalimu mstaafu,
Lamu