Kanzu ya mjukuu haikumbana

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kisauni, na ikikaribia Idd kazi yangu kubwa ni kanzu za watoto. Vipimo vyote huviandika daftarini. Ramadhani iliyopita nilimpima mjukuu wangu wa miaka miwili na nusu, bega hadi kifundo cha mguu: inchi 23. Nikafungua ukurasa wa mwaka wa nyuma: inchi 22. Nikadhani nimekosea. Nikamsimamisha juu ya meza nikampima tena, naye akicheka kwa vile futi ilikuwa ikimtekenya. 23 ile ile. Kumbe umri huo mtoto hurefuka karibu sentimita 10 kwa mwaka, utosini hadi unyayoni.

Nyumbani jibu lilikuwa tayari: kabemendwa, yaani eti wazazi walikutana kabla hajaacha kunyonya. Jirani mmoja akamtazama mkaza mwanangu juu mpaka chini, maskini akainamisha uso. Mwengine akasema ni ufupi wa ukoo wetu. (Mimi si mrefu, nakiri, ila wanangu wote wamenipita.)

Kitabu chake cha kliniki kimejaa uzito, mwezi baada ya mwezi. Sehemu ya urefu ni tupu. Kila walipokwenda waliambiwa mtoto yuko sawa, ana mashavu. Jina la kliniki yenyewe silitaji, na foleni ya pale naijua. Lakini mtoto aliyedumaa aweza kuwa na uzito unaolingana na kimo chake kifupi, mizani isimfichue. Tulipompeleka kwengine akasimamishwa kwenye ubao: sentimita 83. Mvulana wa umri wake kwa kawaida hufika kama 92. Chini ya 85 huhesabiwa amedumaa.

Muuguzi akatuuliza mambo ambayo majirani hawakuyauliza. Mama alipokuwa mjamzito, damu ilikuwa chini? Ilikuwa. Alikula udongo? Alikuwa akinunua kila siku. Mtoto alizaliwa na kilo 2.3, maana yake alianza kuchelewa tangu tumboni. Na baada ya miezi sita ya kunyonya, alilishwa nini? Uji wa mahindi mtupu asubuhi, mchana wali uliolowekwa mchuzi. Kipande cha samaki kilikuwa changu. Hili naliandika kwa haya.

Kwenye maji tulikaa sana. Ya kunywa twanunua jerikeni za mkokoteni. Ya kuoshea vyombo na kumwogeshea mtoto twachota kisima cha uani, hatua 12 kutoka choo cha shimo. Nimezihesabu. Kuku hushinda uani humo humo, na alipokuwa akitambaa, kila alichookota kilikwenda mdomoni. Muuguzi akatueleza kwamba vijidudu vya kinyesi vikiingia siku zote, hata mtoto asipohara, utumbo huvimba ndani, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula hufupika. Hapo nilielewa upesi, maana taulo lililochakaa nyuzi nalijua: halinyonyi maji hata ulisugue vipi.

Takwimu za afya za 2022 zaonyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Kilifi, hapo tu ukivuka daraja la Mtwapa, ni 37. Wote hao wamebemendwa?

Twaambiwa siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutunga hadi miaka miwili, ndizo zenye nafasi kubwa ya kumkinga mtoto asidumae. Mjukuu wangu zimempita. Sasa hupata yai, na dagaa waliosagwa ndani ya uji, lakini muuguzi hakutuahidi kwamba atafidia sentimita zote alizokosa.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki zetu ni dogo: kila kituo kiwe na ubao wa urefu na utumike, na ile sehemu tupu ya kitabu ijazwe. Kwa sasa, mama yeyote apitaye kibandani na mtoto, futi iko shingoni mwangu na simtozi kitu.

Fundi cherehani,
Kisauni, Mombasa