Risala ya Vijana wa Katuba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kukabidhi Utafiti juu ya Maisha ya Vijana baada ya Korona

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Daktari Mkuu wa Zoni yetu ya Afya. Wakubwa wa komine na wa mitaa. Mapadri, wachungaji na mashehe. Wazazi wetu, na vijana wenzetu: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Mama, asante kwa kuacha kazi zako nyingi ukaja Katuba. Tumekuita tukukabidhi daftari hili lililo mezani. Ndani yake mna maneno ya vijana wa komine tatu (sehemu za mji) za Lubumbashi yetu, hapa Kongo, yaani Katuba, Kenya na Kampemba, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, waliokubali kutueleza wanavyoishi tangu Korona ipite.

Watu wengi hapa Lubumbashi husema Korona haikutugusa. Wanahesabu makaburi, wanaona ni machache kuliko ya Ulaya, basi mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tuliokuwa shuleni mwaka 2020 tuna hesabu nyingine. Shule zilifungwa tarehe 19 Machi. Siku chache baadaye mkoa wote wa Haut-Katanga ukafungiwa ndani kwa siku mbili, kwa kushuku abiria wawili walioshuka na ndege kutoka Kinshasa, na mama zetu wakaona bei ya unga ikipanda kabla ya jua kutua. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi darasani Agosti, wengine Oktoba. Tarehe 18 Desemba zikafungwa tena, hadi tarehe 22 Februari 2021. Mtoto mdogo aliweza kuyafidia masomo hayo. Kijana wa miaka 17 au 18 alikuwa ameshatafuta la kufanya: huyu ameenda kuchimba madini Kolwezi, yule ana mimba, mwingine ameshika biashara ya makala, yaani mkaa, na nyumba nzima inakula kwa mkono wake. Kumwambia arudi kuvaa shati jeupe la shule ilikuwa vigumu.

Lakini jambo tulilolikuta mara nyingi kuliko yote, na ambalo hatukulitarajia, ni kilio, yaani matanga.

Hatua zilizotangazwa na Rais wa Jamhuri tarehe 18 Machi 2020 zilikataza matanga nyumbani na katika kumbi. Maiti ilitoka mochwari moja kwa moja hadi makaburini, na wasindikizaji wachache. Sababu tunaielewa, ugonjwa ulikuwa unaenezwa na mikusanyiko. Hata hivyo, Mama, unajua mambo yanayofanyika kwenye kilio chetu. Watu hawalii tu. Wajomba wanafika kutoka Likasi na Kasaï, wanalala uani, na baada ya mazishi wanakaa kikao: deni la marehemu litalipwa na nani, mjane atabaki kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) au la, watoto watasomeshwa na nani. Mwaka ule, kwa familia nyingi, kikao hicho hakikufanyika. Vijana waliofiwa na baba au mama wakati huo, kwa ugonjwa wowote ule, walituambia maneno yanayofanana: hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema, "Huyu ni wangu sasa." Kijana mmoja alisema hadi leo hajui amkasirikie nani, kwa kuwa hakuna aliyemkataa. Hakuna aliyeulizwa.

Tunadhani huzuni ya namna hiyo haiponi kwa dawa ya usingizi.

Kuhusu namna tulivyofanya kazi, tuseme kwa kifupi. Tulitumia maswali matano ya Shirika la Afya Duniani, yanayomwuliza mtu kama kwa wiki mbili zilizopita amekuwa na furaha, utulivu, nguvu, kama ameamka amepumzika, na kama siku zake zina mambo yanayompendeza. Ni kipimo kizuri na hakichoshi. Ila kijana anayelinda duka usiku hujibu kwamba haamki amepumzika, na hiyo ni kazi yake, si ugonjwa. Tena wiki mbili hazitoshi kueleza jambo lililokaa kifuani miaka mingi. Kwa hiyo tuliongeza mazungumzo, na tulizungumza njiani, tukienda sokoni au kuchota maji, kwa sababu ndani ya lupango majirani wanasikia kila kitu. Majina hatukuyaandika.

Mwezi Machi 2022 Shirika hilohilo lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana na wanawake waliumia zaidi. Tunaiheshimu hesabu hiyo, lakini haiwezi kumwambia muuguzi wa Katuba aanzie wapi. Mji huu una desturi ya kujichunguza wenyewe. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika historia ya wafanyakazi wa migodi kwa kuwasikiliza wazee wenyewe. Sisi tumewasikiliza wajukuu wa wazee hao.

Mama Daktari, tuna maombi. Kubwa ni kwamba katika kila kituo cha afya cha zoni yako awepo muuguzi mmoja aliyefundishwa kusikiliza, na siku yake ijulikane. Kijana akielekezwa kwanza kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, hatakwenda. Ataogopa mtaa mzima kumwita mwenda wazimu. Pia tunakuomba utusemee kwenye divisheni ya elimu juu ya wale walioacha shule wakati ule na sasa wanataka kufanya mtihani wa serikali kama watahiniwa wa kujisomea. Nia wanayo, ada inawashinda. Na wazazi mliopo, tunawaomba ninyi wenyewe: familia ambazo hazikufanya kikao mwaka 2020 bado zinaweza kukiitisha. Vijana wetu walituuliza kama inaruhusiwa. Tuliwajibu kwamba tutawauliza ninyi, na leo tunawauliza.

Mama, watafiti wengi wamepita mitaani mwetu na karatasi, wakaondoka, hatukuona jibu. Ukishalisoma daftari hili, tunaomba urudi utuambie ulichokubali na ulichokataa. Nakala ya pili tunabaki nayo.

Tunaomba kukukabidhi.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya vijana wote wa kikundi.