Kwenu wanangu mnaochora menyu za simu

Wanangu, nyie mnaojiita madizaina, nimevumilia vya kutosha, leo niacheni niseme.

Juzi nilikuwa kwa wakala Mbagala, mbele yangu mama mtu mzima anataka kutoa hela. Ana kitochi, kusoma kwake kwa shida, ila vidole vyake vinaijua njia. Kumbe kampuni (jina silitaji) imebadilisha menyu, ofa wamezipandisha juu, kutoa pesa kumeshushwa chini. Mama akabonyeza kama siku zote, menyu ikamuuliza kitu asichokijua, akabonyeza moja kukubali, akaweka namba ya siri, tayari kanunua bando la intaneti. Kwenye kitochi! Na kijana mmoja pale eti anamwambia, "Mama, si ungesoma kwanza?"

Hapana jamani. Menyu ya namba watu wanaikariri, hawaisomi, na aliyeipanga alitakiwa alijue hilo kabla hajagusa chochote. Kitu kipya kiweke mwishoni, vya zamani viache palepale. Ofa haiwezi kuwa muhimu kuliko hela ya mtu!

Kilichofuata ndo kiliniuma zaidi. Mama alikata tamaa, akamkabidhi wakala simu na namba ya siri akaitaja kwa sauti, foleni nzima tukaisikia. Kila siku watu wanaambiwa usimpe mtu namba yako ya siri, halafu tunawatengenezea kitu ambacho hawawezi kukitumia bila kumpa mtu namba ya siri, na akiibiwa tunamwita mzembe. Na sisi wengine hatuna nafuu, mjukuu anamnyang'anya bibi simu, "lete nikufanyie", anabonyeza haraka haraka anamrudishia, hata siku moja hajakaa akamwelekeza. Tumezoea kumwona asiyejua simu kama mjinga wakati ndo huyohuyo anayelipa makato yanayotoa mishahara yenu.

Kazi yenu sio kupamba skrini wanangu. Bill Moggridge, Mwingereza, ndiye aliyesanifu umbo la GRiD Compass, laptopu ya kukunja iliyotoka 1982. Alipoanza kuitumia mwenyewe akajikuta umbo lote alilolihangaikia kalisahau, akili yote iko kwenye yanayotokea ndani ya skrini, na miaka michache baadaye yeye na mwenzake Bill Verplank wakaipa kazi hii jina, interaction design. Kazi yenyewe ni yale mazungumzo kati ya mtu na mashine. Sasa utayapangaje mazungumzo na mtu ambae hujawahi kukaa nae? Najua mna vipaji, nimeona kazi zenu na nyingine nimezionea fahari, ila mnachorea ofisini kwenye Figma, ile programu yenu ya kuchorea skrini, simu ya bei mbaya, waifai ya bure. Nendeni mkakae kwa wakala kutwa nzima, msiulize maswali, angalieni vidole tu.

Mengine nayataja kwa haraka. Ujumbe wa USSD, yaani hizi menyu za namba, unabeba herufi 182, usizimalize kwa "mpendwa mteja". Jina la anayetumiwa hela lionekane kabla mtu hajathibitisha. Nyekundu na kijani peke yake haitoshi, wapo wasioona tofauti. Kosa likitokea mwambie mtu afanye nini, maana "invalid MMI code" inamsaidia nini muuza mchicha? Na pa kujitoa pawe rahisi kama pa kujiunga.

Halafu nyie wa programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, na mtaani watu walishalia sana, mtu anakopa elfu hamsini, akichelewa siku mbili bosi wake anapigiwa, mama mkwe anapigiwa. Namba zilitoka kwenye simu yake mwenyewe, alibonyeza "ruhusu" akiwa na mtoto mgonjwa. Hiyo skrini ya "ruhusu" kuna dizaina aliichora, akaifanya kubwa na ya kijani, na ile ya "hapana" akaififisha isionekane. Ukipewa kazi ya namna hiyo kataa mwanangu, na kama huwezi kuacha kazi kwa sababu una kodi ya nyumba, basi angalau hizo batani mbili zichore zilingane.