Idarani mimi mgeni, kikosini mimi mwalimu

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia usiku, usingizi umegoma tena. Kesho nina kipindi cha asubuhi, sina zamu ya kuruka, kwa hiyo usije ukadhani nitapanda ndege nikiwa katika hali hii. Kanuni ni saa 12 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake 8 za kulala, na mimi sijawahi kuichezea. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wameshajijengea kwamba mwenye kazi mbili, kama mimi niliye rubani wa jeshi na mhadhiri wa chuo kikuu, lazima moja anaiibia.

Lililonifikisha hapa ni sentensi moja. Kwenye kamati ya chuo ya kupandisha vyeo, lilipofika jina langu, mkuu wa idara alisema: "Huyu ni mgeni wetu tu, huja kutusimulia mambo ya angani." Faili likafungwa, wakaenda jina linalofuata. Aliyenieleza alikuwemo kikaoni na hana sababu ya kunidanganya.

Mgeni, shangazi! Mgeni husahihisha mitihani? Skripti 120, kila moja dakika 20, ni saa 40 za kuinama mezani. Mhadhara mpya wa saa 2 unakula siku nzima ya maandalizi, na ukishauandaa, mwakani unaurekebisha tena. Nina shahada ya uzamivu kama wao. Nasimamia tasnifu kama wao.

Na hayo "masimulizi" yenyewe ni yapi? Wanafunzi wanafika mwaka wa tatu wakiamini kwamba hewa inayopita juu ya bawa hukimbia ili iwahi kukutana na mwenzake aliyepita chini. Hilo ni kosa, na limo katika vitabu vingi vya shule. Ukipuliza moshi kwa vipande katika handaki la upepo, lile la kupimia mabawa, unaona kwa macho: hewa ya juu inafika nyuma ya bawa mapema kuliko ya chini, wala haingoji mtu. Bawa linainua kwa sababu linaisukuma hewa kuelekea chini, na tofauti ya mgandamizo kati ya juu na chini ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Kosa hilo nalitumia wiki nzima ya kwanza kuling'oa, maana ukiliacha, kila kitu kinachofuata kinajengwa juu ya mchanga.

Kisha kuna suala la bawa kuacha kubeba. Wanafunzi hudhani ni mpaka ndege iende polepole au pua ielekee juu. Siyo. Bawa huacha kubeba pale pembe yake dhidi ya hewa inayolijia inapozidi kiwango, kwa mabawa mengi ya kawaida karibu nyuzi 15, na hilo linaweza kutokea kwa kasi yoyote, hata pua ikitazama ardhini. Nawaandikia ubaoni: ndege ambayo ikienda moja kwa moja inaacha kubeba kwenye kilometa 200 kwa saa, ukiilaza nyuzi 60 na kukata kona bila kupoteza kimo, bawa linabeba uzito mara 2, na ile kasi inapanda kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani inafika 283 hivi. Rubani anayekuja kutua, akaona amepitiliza mstari wa njia ya kutua, akailaza ndege zaidi na kuvuta usukani ili airudie njia, anaingia humo akiwa chini kiasi kwamba hana nafasi ya kujiokoa. Hesabu hiyo iko katika mtaala. Ninachoongeza mimi ni namna mkono unavyovuta bila mwenyewe kujijua, na kwa nini jicho linatazama uwanja badala ya kipima kasi. Sasa niambie, hayo ni masimulizi?

Kikosini nako siponi. Kule naitwa "mwalimu," na hawaisemi kwa heshima. Safari ya angani ya muda wa saa moja na nusu inamaliza siku nzima: taarifa ya hali ya hewa, mpango wa safari, kikao cha kabla, kuvaa, kuikagua ndege kwa nje, kuruka, halafu kikao cha tathmini ambacho mara nyingi ni kirefu kuliko safari yenyewe. Mawingu yakishuka, zamu ya Jumanne inahamia Alhamisi, na Alhamisi nina wanafunzi. Ratiba ya chuo haijui mawingu. Nikiomba zamu ibadilishwe naambiwa vijana wapo, nikapumzike na vitabu vyangu. Nikikosa kuruka muda mrefu, kurudi siyo kupanda tu: ni simyuleta kwanza, ile mashine ya kuigiza ndege, dharura zote upya, kisha safari ya majaribio na mkufunzi pembeni anaandika. Usiku una hesabu yake, kuruka kwa kutazama vyombo tu bila kuona nje kuna hesabu yake. Ukiacha moja ikapita, zote zinalegea.

Hata tafiti wanazonidai siwezi kuziandika kama wao. Kila makala lazima ipite kwa watu wa usalama kabla haijaenda kwa jarida, na takwimu za ndege ninayoirusha siruhusiwi kuzigusa, natumia zilizo wazi kwa umma. Makala ikikaa kwa hao watu, kamati inahesabu kwamba sikuandika. Nimeeleza hilo kwa barua. Sidhani kama mkuu wa idara aliisoma.

Kwani mimi ndiye wa kwanza? James Doolittle wa Marekani alikuwa rubani wa jeshi, akapata uzamivu wa uhandisi wa anga pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha huko kwao, mwaka 1925. Utafiti wake wa jinsi mabadiliko ya upepo yanavyoathiri ndege aliufanyia angani, akiendesha mwenyewe. Mwaka 1929 akaruka na kutua kwa vyombo tu, asione nje. Naye angewekwa kwenye orodha ya wageni?

Sitaki cheo, shangazi, nieleweke. Uprofesa haunipi chakula. Ingawa nikisema kweli, nikiona wale niliowatangulia wanaitwa profesa msaidizi, moyo unanichoma, na nadhani nina haki.

Baba watoto ananiambia mshika mawili moja humponyoka. Anaona ninavyoamka na shingo. Kichwa pamoja na kofia ya urubani ni kama kilo 7, na kwenye kona kali uzito unapozidi mara 6, shingo inabeba kilo 42, na hapo rubani anatakiwa ageuke atazame nyuma. Kisha ukirudi, unainamia skripti. Daktari wa kikosi anajua, sijamficha, amenipa mazoezi na nayafanya.

Sasa chuo kimeleta fomu ya mkataba wa kudumu. Ndiyo, huyohuyo mkuu wa idara ndiye aliyeileta, akanipa bila kunitazama. Sharti lake ni niache kuruka. Nikisaini, nahamia jeshi la akiba, na kwa umri wangu nafasi ya ndege ninayorusha hairudi tena. Nimeshaijaza yote isipokuwa sahihi. Jana nilitaka kuichana. Leo nimeinyoosha kwa kiganja.

Mchana nasema nisaini, niwaonyeshe kwamba mimi si mgeni. Usiku nakuja kujiuliza jambo ambalo baba watoto sijamwambia: nikiacha kuruka, nitakaposema kesho mbele ya darasa "mkono unavuta bila kujijua," nitakuwa nasema kitu ninachokijua au kweli nitakuwa nasimulia tu, kama alivyosema mkuu wa idara? Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ujuzi wa mwalimu wa urukaji unadumu miaka mingapi akishashuka chini? Au ule uzamivu unatosha wenyewe, na mimi ndiye nisiyeuamini?

Wala usiniambie nichukue likizo nitulie, likizo haiongezi saa za kuruka wala haipunguzi skripti. Fomu inatakiwa kabla muhula haujafunguliwa. Na kama utasema nikamkabili kwanza mkuu wa idara kuhusu sentensi yake, niambie nianzie wapi, maana kila nikimwona kwenye korido namsalimia vizuri, napita.

Jina langu lisitoke, tafadhali.