Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na foleni ya darajani

Ndugu wanachama, salaam kwenu wote, mlioko barabarani na mlioegesha mnasubiri mzigo. Mwaka jana niliwaambia kazi yetu kubwa ni moja tu, foleni ya pale darajani, basi leo nawapa hesabu ya tulichofanya na tulichoshindwa.

Nianze na siku iliyonibadilisha mawazo. Semi ya mwenzetu ilipasuka tairi katikati ya daraja asubuhi ile ya watu wengi, kijana wa watu kashuka na jeki, kapiga magoti kwenye lami malori yanampita karibu yamguse mgongo, maana lile daraja halina hata upana wa kujibanza. Tairi lilibadilishwa kama nusu saa hivi lakini foleni ilikaa mpaka mchana. Na huko nyuma ambulansi imekwama, kimulimuli kinazunguka tu, haina pa kupita kwa sababu watu walishatanua pembeni kote, mimi mwenyewe nilishuka nikatembea nagonga vioo kimoja kimoja, sogea kaka, sogea kuna mgonjwa. Ilituchukua muda mrefu sana kuipitisha na mpaka leo inaniuma.

Toka siku ile nikaacha kuimba daraja la pili peke yake. Daraja la pili tunalitaka na barua tumepeleka, majibu bado. Ila njia moja ya barabara kuu ikienda vizuri inapitisha kama gari 2,000 kwa saa, hapo kwetu njia tatu zinaingia mbili, sasa moja ikizibwa na gari bovu hata hiyo nusu hampati, kila anayepita anapunguza mwendo atazame. Ndiyo maana nguvu zetu nyingi tuliziweka kwenye brekidauni, gari la kuvuta magari mabovu, ikae jirani na daraja asubuhi na jioni, isiitwe toka mbali, na hilo limekubaliwa, ipo, wengi mmeiona. Nawashukuru mliochangia, mweka hazina atasoma mahesabu yake.

La pili ni sisi wenyewe. Watafiti wa Japani mwaka 2008 walichapisha jaribio, gari 22 zinazunguka kwenye duara la mita 230, hakuna ajali wala kizuizi, madereva wameambiwa waende mwendo mmoja tu, na bado foleni ikajizaa yenyewe ikawa inarudi nyuma kama wimbi. Mmoja kakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake kakanyaga zaidi, basi imeisha hiyo. Sasa fikiria mtu anayechomekea kwa nguvu pale njia zinapobana, anawasimamisha watu ambao hata hawaoni. Tulikubaliana tuingie moja huku moja kule, kila mtu afike mwisho wa njia yake kwanza, na tuache nafasi mbele. Wenye mabasi mmejitahidi sana. Wa malori bado, na kwenye kutanua tumeshindwa kabisa, nalisema wazi.

Kuna wazo nalipenda na kwenye barua limo, njia ya kugeuzwa, asubuhi wanaoingia mjini wapewe njia zaidi na jioni wanaotoka. San Francisco kwenye daraja la Golden Gate zipo njia 6 na tangu Januari 2015 ukuta wa kati unahamishwa na mashine, zamani walikuwa wanapanga vibomba vya plastiki kwa mkono. Hata vibomba hivyo kwetu vingetosha kuanzia.

Wapo waliopendekeza malori yasubirie juu ya daraja ili barabara ya chini ipumue, hilo nimelikataa na nitaendelea kulikataa. Tarehe 1 Agosti 2007 kule Minneapolis, Marekani, daraja la I-35W lilianguka jioni magari yamejaa, watu 13 wakafa. Uchunguzi ulikuta mabati ya kuunganishia vyuma yalikuwa membamba toka kwenye usanifu na siku ile juu kulikuwa na vifaa vizito vya ukarabati. Daraja ni la kupita, na anayezidisha mzigo nitamfuata mimi mwenyewe.

Mwaka unaoanza naomba wanachama wa kusimama kwa zamu pale njia zinapobana, wawili asubuhi wawili jioni, wamevaa vizibao vya kung'aa, wapo kuwaelekeza wenzao na kufungulia ambulansi njia. Majina anaandika katibu, zamu ya kwanza nimejiandika mimi.