Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyewanyamazisha askari wa Nkambo

Mdogo wangu,

Sikuandikii kwenye simu. Kwenye simu unasoma, alama mbili zinageuka buluu, halafu kimya cha mwezi mzima. Hapa angalau watu wataona kwamba nilikuandikia. Usiku wa leo nimetoa toleo la tatu la Garenganze, modi yetu, ile nyongeza tuliyoutengenezea mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Lina sauti. Nakwambia mapema usije ukaifungua mbele ya watu, ukashtuka. Mimi na wewe tunajua yanayotokea watu wakishtuka.

Habari za Johannesburg? Mama mdogo alinionyesha picha yako, anasema umekonda. Nikamwambia ni kamera, ili apate usingizi. Kula, tafadhali. Huku Katuba, Lubumbashi, tupo. Umeme unarudi saa sita usiku na kuondoka kabla jogoo hajawika, kwa hiyo bado nafanya kazi saa za wachawi kama zamani, blanketi mabegani, kikombe cha munkoyo pembeni. Baridi ya Juni hii haina adabu.

Nilipokuwa natayarisha toleo hili nilifungua tena ramani yako. Wengine wanachora bara kwa kukisia. Wewe uliketi na ramani ya shule iliyochanika upande wa Zambia, ukahesabu miraba: Lualaba ipite wapi, Lufira iikute wapi, Upemba iwe na vinamasi vingapi. Faili la ramani la mchezo ule ni maandishi matupu, kila mraba na mistari yake, x ngapi, y ngapi, nawe uliyaandika kwa mkono kwa sababu ukitumia kalamu ya mchezo wenyewe mashine inakwama. Ziwa Mweru ulilihamisha mara tatu. Mara ya tatu nilikukaripia, nikasema hakuna mchezaji wa Ujerumani atakayekuja kupima Mweru. Ukanijibu bila kuinua macho: "Nkambo atapima."

Na kweli babu yetu alipima. Kwa vidole, kwenye kioo, akaacha alama za mafuta ya sambusa.

Unakumbuka mchezo ulivyoingia nyumbani: CD ya kuchomwa, jina limeandikwa kwa kalamu, Civilization IV, mchezo wa mwaka 2005 uliotufikia ukiwa tayari mzee. Mashine yetu nayo ilikuwa mzee, wakaelewana. Tulipouwasha ikaanza kwaya, na kwaya ikaimba Kiswahili. Sala ya Bwana! Ni wimbo wa yule Mmarekani, Christopher Tin, uliokuja kupata Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutungiwa mchezo wa video kupata tuzo hiyo. Sisi Grammy tungeijulia wapi. Tulichoona ni Nkambo, aliyekuwa anapita kwenda kuoga na taulo begani, amesimama mlangoni, amevua kofia. Alingoja hadi mwisho, akasema "Amina," akaendelea na safari yake. Kesho yake akauliza kanisa la kwenye mashine linafunguliwa saa ngapi.

Ndani ya kanisa hilo Afrika ilikuwa ndogo. Hatshepsut wa Misri, Mansa Musa wa Mali, basi. Shaka akaongezwa 2006, Zara Yaqob wa Ethiopia 2007. Kwetu sisi, katikati ya bara, palikuwa msitu na washenzi wasio na jina wanaotoka gizani kuchoma miji ya wenzao. Ufalme wa Kongo uliingia baadaye, kwenye mchezo wa sita wa mwaka 2016, na Mvemba a Nzinga wake. Lakini ile ni Kongo ya baharini, na mashine ya kuuendesha mchezo huo hatukuwa nayo, wala sasa sina. Ndipo tukamleta Msiri wa Bunkeya, mfalme wa Garenganze, huku kwetu Katanga. Nani alilitaja jina kwanza tutabishana hadi kaburini. Mimi nasema ni mimi.

Nkambo hakufurahi mara moja. Yeye Msanga, na Wasanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kumwaga misalaba yake kabla Msiri hajatoka kwao Unyamwezi. "Munamufanya shujaa? Huyo aliuzisha batu." Wewe, kwa ujinga wako mtamu, ukamweleza jinsi mchezo unavyokwenda: taifa likijua kuchanganya shaba na bati, mambo mawili yanafunguka siku hiyohiyo. Shaba inaonekana ardhini, na utumwa unaruhusiwa, mtawala anaweza kuwamaliza watu wa mji wake ili jengo liishe haraka. Nkambo alinyamaza muda mrefu, mtu aliyekula ujana wake mbele ya tanuru la kampuni. Kisha akasema huyo aliyeutunga mchezo lazima alipita Katanga.

Tangu siku hiyo akawa wa kwetu. Maandishi ya mchezo yalikuwa na nafasi za lugha tano, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Ya sita haikuwepo. Tukamtoa Mfaransa chumbani mwake, tukalaza Kiswahili kitandani pake. Hadi leo anayetaka Kiswahili chetu lazima achague Kifaransa, na wapo wanaoniandikia kulalamika. Neno moja lilitukwamisha siku nne. Madini yale kwetu ni shaba, na yakichanganywa na bati ni shaba vilevile, lakini mchezo unataka majina mawili. Nkambo akakata shauri: "Andikeni shaba-bati. Bati itoke Manono, shaba itoke huku, bioane." Akaongeza kwamba jimbo zima liliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997, na hakuna mtu aliyepotea njia.

Sauti tulizirekodi kwa simu yako, chini ya mwembe. Ukitaka kuyaweka mataifa vizuri kwenye mchezo ule, askari wake lazima waitike kwa lugha yao wanapoguswa. Tulimwomba aseme "Ndiyo, mfalme." Akakataa katakata, hawezi kumwita mtoto mfalme hata kwa mchezo. Akatupa nne za kwake. "Eee?" Ya pili, "Munasema nini?" Ya tatu, "Twende." Ya nne alikohoa kwanza, akacheka, akasema: "Ninachoka, lakini twende." Nyuma ya hiyo ya nne kinu kinasikika, koko, bibi yetu, anatwanga, mara tatu, tu, tu, tu, halafu mchi unatulia kana kwamba naye anasikiliza.

Sasa tuje kwenye silabi moja.

Niliipandisha modi saa kumi na dakika arobaini alfajiri, mega zinaisha, betri iko kwenye nyekundu. Nikaandika tangazo: "Nimetengeneza modi ya Garenganze." Niliandika "ni" badala ya "tu". Ulikuja na mandazi asubuhi, ukalisoma kwa sauti, polepole kama mwalimu anayesoma alama za mtoto mbele ya darasa, na ulipofika "nimetengeneza" ukalirudia. Hukusema zaidi. Uliacha mandazi mezani. Nilitaka kulirekebisha siku hiyo, mega hazikuwepo. Wiki ile, umeme haukuwepo. Baadaye watu walikuwa wameshalinakili huku na huku, ningelikimbiza wapi? Jina lako lilikuwa ndani ya folda, kwenye faili la maelezo, mstari wa kwanza. Kwamba hakuna anayefungua faili la maelezo si kosa langu.

Miezi minne baadaye Nkambo akatutoka.

Usiku wa pili wa kilio. Wanaume nje wanazunguka moto, wamama ndani kwenye mikeka, viti vimetolewa vyote. Turubai linapigwa na upepo. Kijana wa bafle alikuwa amepeleka nyimbo zake kwenye kilio kingine huko mtaa wa Kenya, akatuachia spika tupu, basi wajomba wakasema kuna mashine ya watoto, ina nyimbo za kwaya. Ukaichukua chumbani kwangu. Ukaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, karibu na mlango, ukachomeka waya. Nilikuwa nabeba maji. Nilikuona unainua kifuniko, mwanga ukakupiga usoni, mkono wako ukatafuta. Ukabofya.

"Munasema nini?"

Kwa bafle mbili kubwa kama makabati. Kilio kizima kilikatika, kama mtu amefunga bomba. Mama mkubwa, aliyekuwa amelala chali kichwa kwenye mapaja ya dada yake, aliinuka akaketi, akajibu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alijibu! "Baba, hatujasema kitu." Kisha akaelewa, na ile sauti aliyoitoa baada ya kuelewa sitaiandika hapa.

Na wewe, kwa hofu au kwa nini, ukabofya tena. "Ninachoka, lakini twende." Na kinu.

Wajomba waliingia watatu. Wakauliza ni uchawi wa nani huu. Uliondoa mkono kwenye mashine kama imekuunguza, ukanyoosha kidole mlangoni nilikosimama na ndoo, ukanitaja jina. Jina langu tupu, lile la ubatizo, mbele ya wamama na wajomba. "Muulizeni yeye. Yeye ndiye alitengeneza." Tangu umeanza kuongea uliniita Yaya, yaani mkubwa wako. Usiku ule Yaya aliishia hapo, na hadi leo sijaisikia tena.

Niliona ulichofanya. Ulinirudishia silabi yangu. Ilikuwa kazi safi, nakupa heshima yake. Lakini mtu halipi deni la tangazo kwa maiti iliyo ndani.

Walinitoza mbuzi. Niliuza simu nikamnunua. Nawe wiki mbili baada ya kumaliza kilio ukatoa toleo lako, sauti zimefutwa, ukaliita "Garenganze Safi". Safi. Askari wote mabubu: ukiwagusa wanageuza shingo tu, wanakutazama. Na shukrani zako zikawataja Mpolandi uliyeazima kwake sura ya mkuki, na kijana wa Brazili aliyekupa picha ya bendera, na chini kabisa, "na wengine". Mimi ndiye wengine. Nilikulisha bukari, nikakufundisha kwamba alama moja ya mshale ikikosekana kwenye faili mchezo wote hauamki, leo mimi wengine.

Nina ushauri, kwa kuwa nasikia umeanza modi nyingine huko na vijana wa Durban. Ukishirikiana na watu, andika majina kabla ya kazi, mchana, ukiwa umeshiba. Usiandike tangazo usiku wa manane. Mtu aliyekesha peke yake na mashine anaamini alikuwa peke yake tangu mwanzo, na hilo si kiburi, ni uchovu, mtu yeyote mwenye akili angelielewa na kumwamsha mwenzake kwa upole badala ya kusoma kwa sauti. Ungeniambia tu, "Yaya, hapa weka 'tu'." Ningeweka. Sekunde mbili! Ulikuwa na miezi minne ya kuniambia.

Haya. Kuna jambo hulijui, na sikulisema kwa wajomba, kwa hiyo nalisema kwako, na hawa wengine wanaosoma wageuze uso kidogo.

Mchana wa siku ile ya pili, watu walipokuwa wanapanga viti, nilijifungia chumbani, nikavaa hedifoni, nikaufungua mchezo. Nilimgusa askari mmoja, yule yule, sijui mara ngapi. Mara thelathini, hamsini. Wakaniita nikachote maji. Nilishusha kifuniko bila kuzima chochote. Mashine ikalala na Nkambo ndani yake. Uliyoikuta wewe ni hiyo. Hukufungua mchezo; ulikuwa unatafuta nyimbo za kwaya, ukabofya ili kutoka.

Nimekaa na hili miaka yote. Ningelisema usiku ule, lakini kidole chako kilitangulia. Ungenyamaza nusu dakika tu ningelisema. Nadhani ningelisema.

Wanasema unakuja Agosti kwa ndoa ya dada yako. Mimi ndiye ninayeshughulikia muziki, usicheke. Nitauweka kwenye flashi, mashine inabaki nyumbani.

Toleo la tatu: folda inawekwa ndani ya Mods, kwenye folda ya mchezo wenyewe, si kwenye nyaraka kama ulivyowaelekeza watu wako. Mweru iko pale ulipoiacha. Tangazo nimeliandika jana saa saba mchana, baada ya kula, linaanza na "Tumetengeneza", na linakutaja kwa jina lote. Chagua Kifaransa. Utapewa walowezi na shujaa mmoja mwenye rungu. Mguse huyo wa rungu. Sauti zinatoka bila mpangilio, ukiitaka ya kikohozi itabidi urudie. Mimi jana ilikuja mara ya tisa. Vaa hedifoni.

Na Mama mkubwa usimwambie kwamba nimeirudisha.

Yaya wako